Nilivyoigawa Hadithi ya Wenyewe

Kazi yangu ni kuwafundisha wakutubi habari za hakimiliki. Wengi wakisikia hivyo hudhani nakuja kuwatisha, niwaulize nani aliyetoa nakala za kitabu fulani na kwa ruhusa ya nani. Mimi huja na habari njema. Huwaambia kwamba ziko kazi nyingi ambazo wenyewe wamezifungulia mlango, wakasema chukueni, someni, chapisheni, tafsirini. Ruhusa hiyo huitwa leseni huria. Mkutubi wa shule isiyo na fungu la vitabu akiielewa, anaweza kuijaza rafu yake bila kumwibia mtu.

Nimeifanya kazi hii pande zote mbili za mpaka, Busia na Tororo, na mara chache Malaba. Baba yangu alikuwa Msamia wa Kenya, mama yangu Mpadhola wa Tororo, na mimi nililelewa Busia upande wa Kenya. Kiswahili nilikipata shuleni na barabarani. Kisamia nilikipata kwa baba. Kidhopadhola cha mama nilikipata nusu nusu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Salamu najua, chakula najua, matusi najua. Watu wakianza kuzungumza kwa haraka, mimi hutikisa kichwa kama anayeelewa na kucheka wanapocheka. Nimefanya hivyo tangu utotoni, na nilikuwa nimefika mahali pa kudhani kwamba hakuna anayejua.

Wakati huo maktaba moja ndogo ya Tororo ilitaka kutoa vitabu vya watoto katika lugha za pale. Wakutubi walilalamika kwamba watoto wanasoma habari za theluji na treni za chini ya ardhi, lakini hawana hata ukurasa mmoja unaotaja wimbi, nafaka ya kwao. Niliombwa nisaidie. Nilifurahi, nikasema nitaanza na mama yangu mkubwa anayekaa Merikit, dada yake marehemu mama, maana hakuna mtu aliyemshinda kwa kusimulia.

Mama mkubwa ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kwaya ya kanisa lake anaiongoza kweli. Hapendi kukatizwa. Analima karanga, wimbi na mihogo, na majirani wengi humwendea kuomba mbegu msimu ukikaribia, kwa sababu mbegu zake huota. Nilipomwambia nataka kumrekodi, alivaa gomesi yake ya sherehe, akafunga mkanda wake mpana, akataka kwanza nimpige picha. Nilimpiga akiwa amesimama mlangoni, ungo wa karanga mkononi, uso umekazwa kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Alisimulia kwa Kidhopadhola. Ilikuwa hadithi ya mwaka wa njaa, na mwanamke aliyekuwa na chungu cha mbegu za wimbi. Watu walikuja kuomba wapike, akawanyima. Walimtukana, wakamwita mchoyo, wengine wakataka kumchomea nyumba. Yeye alikikalia kile chungu. Mvua iliporudi, alikifungua na kugawa mbegu nyumba kwa nyumba, na ndiyo sababu watu wa pale hawakuisha. Nilielewa hivyo. Sehemu nyingine zilinipita, lakini sikutaka kumwambia arudie. Nilitikisa kichwa. Alipocheka, nilicheka. Mahali fulani alinyamaza akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, nami nikainamisha uso kwa heshima, bila kujua amefikia wapi.

Alipomaliza, mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi na dereva wa pikipiki alikuwa ananiita. Ilibaki kumwomba ruhusa. Nilikuwa nimewafundisha wakutubi mara nyingi kwamba ruhusa huombwa polepole, kwa lugha ya mtu mwenyewe, na kila tendo litajwe peke yake: kusoma, kunakili, kuuza, kubadilisha. Nilianza vizuri. Nikamwuliza kama watu wengine wanaweza kuisoma hadithi hii. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama wanaweza kuichapisha na kuwapa watoto wa mbali. Akasema vizuri sana. Nilipofika kwenye kubadilisha, neno la Kidhopadhola halikuja. Nililijua neno la kubadilisha nguo na la kubadilisha njia, lakini sikujua ni lipi la kubadilisha maneno ya mtu. Ningeweza kumwuliza. Ningeweza kusema kwa Kiswahili, maana cha sokoni anakijua. Niliona aibu kuonekana mgeni katika lugha ya mama yangu, mbele ya dada yake. Nikasema, "Basi, Mama, tumemaliza," nikapanda pikipiki.

Tafsiri ya Kiswahili niliifanya mwenyewe Busia, nikisikiliza rekodi. Penye ukungu niliruka kwa uangalifu, kama avukaye mto kwa mawe. Sentensi ya kwanza niliiandika, "Hapo kale palikuwa na bibi mmoja." Maneno ya Kidhopadhola niliwaachia wakutubi wa Tororo wayaandike, nao waliyaandika vema. Nilivyodhani, hakuna aliyeyalinganisha maandiko hayo mawili kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu, tena mtoto wa pale.

Leseni pia niliichagua mimi. Ziko za aina kadhaa. Iko inayokataza kuuza, iko inayokataza kubadilisha. Iliyo pana kuliko zote hudai jambo moja tu kubwa: ukiitumia kazi, umtaje mwenye kazi na useme kama umeibadilisha. Hiyo ndiyo niliyoiweka. Ndiyo niliyoipenda kuwasifia watu. Nilipenda kusimama mbele yao na kusema kwamba anayebana, kazi yake hufa naye.

Kitabu kilipotoka, kidogo, kurasa chache, picha ya mama mkubwa nyuma na jina lake na la kijiji chake chini ya picha, nilikitembeza kila mahali. Nilikiweka mtandaoni. Katika mafunzo yaliyofuata upande wa Kenya, nilikishika juu mbele ya wakutubi wa shule nikasema, "Hiki ni cha kwetu. Kichukueni. Mkitaka kukifupisha, fupisheni. Mkitaka kubadilisha mwisho, badilisheni. Semeni tu mmekitoa wapi." Alikuwepo mkutubi mmoja wa shule ya msingi ya Busia, mwanamke wa makamo, mwenye kuandika kila neno. Aliinua mkono akauliza, "Madam, hata wahusika tunaweza kubadilisha?" Nikamjibu, "Hata wahusika." Watu walicheka kwa furaha, nami nikacheka nao.

Muda ulipita. Siku moja alfajiri mama mkubwa alinipigia simu. Kwa kawaida yeye hupiga, akakata, ili nimpigie mimi. Siku hiyo aliacha ikaita mpaka nikapokea. Alisema neno moja, "Kuja," akakata.

Nilivuka mpaka nikiwa na sukari na sabuni kwenye mkoba, nikidhani kuna mgonjwa. Nilimkuta ameketi ndani, mlango umefungwa nusu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake mchana. Hakupokea mkoba. Alinyoosha mkono akachukua kijitabu kilichokuwa juu ya kabati, akaniwekea mapajani.

Jalada lilikuwa na mchoro wa mwanamke mzee, meno nje, macho mekundu, amekumbatia chungu. Alikuwa amevaa gomesi. Alikuwa amesimama mlangoni. Aliyechora alikuwa ameiweka ile picha yangu mbele yake akaifuata mstari kwa mstari, akaongeza meno. Kwa juu paliandikwa kwa herufi nene: Mchawi wa Chungu. Nikafungua. Hapo kale palikuwa na bibi mmoja mchawi aliyeikamata mvua akaifungia chunguni. Watu wakafa njaa. Watoto mashujaa wakaingia kwake, wakakivunja chungu, mvua ikanyesha, na yule mchawi akafukuzwa akaliwa na fisi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya mama mkubwa, ile ile, haikuguswa, na chini yake: hadithi hii imetokana na masimulizi ya, kisha jina lake lote, na Merikit, na Tororo.

Siku hiyo alizungumza nami kwa Kiswahili, kile chake cha sokoni. Nadhani alikichagua ili nisije nikasema sikuelewa.

"Mama ya jirani natoka Busia na hii kitabu," alisema. "Yeye nanunulia wajukuu. Yeye naona picha, naleta kwangu, nasema, hii si wewe?"

"Mama, si mimi niliyeandika hivi."

"Mimi bado kuuliza wewe." Akangoja ninyamaze. "Sasa mimi nakwenda kisima, watoto nakimbia. Mimi nakwenda kanisa, watu nahama benchi. Wale nachukua mbegu kwangu kila mwaka, mwaka hii hapana mtu nakuja. Mwenyekiti wa kwaya nasema, dada, pumzika kidogo."

Nilitaka kusema kwamba ni hadithi tu, ya watoto. Bahati njema sikusema. Kila mtu wa pande zile anajua mwanamke mzee anayekaa peke yake anaweza kufikia wapi watu wakishaanza kunong'ona.

Kisha akasema lile jambo ambalo sijapata kulisahau.

"Na ile bibi ya chungu. Wewe najua ni nani?"

Nikamtazama.

"Ni bibi yangu. Mama ya mama yangu. Mimi nasema mwanzo kabisa, bibi yangu. Wewe natikisa kichwa, mimi naona wewe nasikia. Watu nachoma nyumba yake, kweli, nachoma. Yeye nakaa juu ya chungu, mgongo naungua. Mimi mtoto, mimi napaka yeye mafuta. Ndiyo mimi nalia. Wewe nadhani mimi nalia nini?"

Haikuwa hadithi, basi. Alinipa habari ya ukoo wake, ambao ni wangu pia. Yule bibi mmoja wa hapo kale alikuwa mama wa nyanya yangu, mwenye mgongo ulioungua, na mimi nilimfanya mtu asiye na jina kwa kulipoteza neno moja dogo la umiliki nililoliona kama ukungu. Yule mkutubi wa Busia aliyeniuliza habari za wahusika alipokipata kitabu, alipata bibi wa hewani, asiye wa mtu. Nani angemwonea huruma bibi asiye wa mtu?

Nilimwambia mama mkubwa nimekosa. Alisema, "Rudisha." Nilimwuliza arudishiwe nini. "Hadithi yangu. Rudisha kwangu."

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze, kwa Kiswahili hicho hicho, kile ambacho nilikuwa nakieleza kwa majigambo mbele ya watu: kwamba leseni ya namna ile ikishatolewa hairudishwi. Anaweza kuacha kuitoa kwa wengine, lakini aliyekwisha kuichukua amekwisha kuichukua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na mimi natoa saa ngapi?" Aliinuka akafungua mlango wote, akasimama pembeni, nami nikaelewa kwamba ananitoa.

Njia nzima ya kurudi nilijaa hasira. Hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko kile kilichokuwa chini yake. Nilijua kitabu kimetoka kwa nani, maana jina la shule yake lilikuwepo kitabuni. Nilipanga maneno makali ya kumwambia yule mkutubi. Nilimfikia kabla ya chakula cha mchana.

Aliniona kutoka dirishani akatoka nje kunilaki, mikono miwili.

"Madam, ningejua unakuja ningekupikia. Umekiona kitabu chetu?"

Akanishika mkono akaniingiza maktabani. Chumba kilikuwa darasa la zamani, rafu za mbao za masanduku, sakafu imefagiliwa. Kwenye rafu ya mbele vilikuwa vimepangwa vitabu vile, meno kwa meno. Watoto walikuwa wamechora michoro mingine ya mchawi, imebandikwa ukutani.

"Mwalimu wa sanaa ndiye alichora. Tulichapa kwa mashine ya shule, zingine tukauza kwa wazazi tupate karatasi. Ulisema hata kuuza inaruhusiwa." Akakifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole. "Ona, nimetaja jina la msimulizi, nimetaja mahali. Hapa nimesema imebadilishwa. Leseni nimeiandika hapa chini. Sijaruka kitu, madam. Nilifuata vile ulitufundisha."

Nilisoma alipoonyesha. Hakuwa ameruka kitu. Kati ya wote niliowafundisha kwa miaka, sidhani kama yuko aliyenielewa vizuri kama yeye. Kila jambo nililodai alilitimiza, na kila alichotimiza ndicho kilichomfikia mama mkubwa nyumbani kwake. Bila jina lile na kijiji kile, yule jirani angecheka akaendelea na safari.

Alikuwa ananitazama akingoja nimsifu.

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilianzia katikati nikarudi nyuma. Nilimwambia yule mzee ni mama yangu mkubwa na bibi wa chungu ni mama wa nyanya yangu. Nilimwambia habari ya benchi la kanisani na ya mbegu ambazo mwaka huo hazikuombwa na mtu. Aliketi polepole kwenye kiti cha watoto kilichokuwa karibu, magoti yakapanda juu.

"Sasa mimi nilikosea wapi?" aliuliza.

"Hukukosea."

"Basi nani?"

Nilimjibu. Alianza kuviondoa vitabu kwenye rafu, kimoja kimoja, akiviweka kifudifudi mezani ili meno yasionekane. Kisha akaenda ukutani akabandua michoro ya watoto, taratibu, asiichane. Nilisimama tu nikimtazama akifanya.

Tulizungumza juu ya kinachowezekana. Mwenye kazi ana haki ya kudai jina lake liondolewe kwenye kitabu kilichobadilishwa, hata kama leseni inabaki. Picha ni jambo jingine: leseni ya maneno haimpi mtu ruhusa ya kumgeuza mwanamke hai kuwa kinyago, na kwa hakika mimi sikumwomba mama mkubwa ruhusa ya uso wake. Nakala zilizo shuleni zingetolewa. Zile zilizouzwa, na zile ambazo shule nyingine zilishazipata kwa simu na kuchapa zenyewe, hatukuweza kuzifuata zote.

"Nipeleke kwake," alisema. "Sitaki aambiwe na wewe."

Tulikwenda siku iliyofuata. Mama mkubwa alituona tukitoka barabarani akabaki amekaa, anapepeta karanga. Yule mkutubi alipiga magoti chini, kwa desturi ya upande ule, ambayo mimi kwa kukulia Kenya hukumbuka mwishoni. Akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mama, mimi ndiye niliyeandika kitabu kile. Sikujua ni wewe, na sikujua ni nyumbani kwa mtu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama mkubwa aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akaweka ungo chini. "Wewe natoka wapi?"

"Busia, Mama. Upande wa Kenya."

"Wewe nakula?"

"Bado."

Akaita mjukuu wa jirani alete maji ya kunawa. Tulipewa ugali wa wimbi na mihogo, na mboga iliyowekwa karanga. Kabla hatujala nilijaribu kumsaidia, nikaanza kumtafsiria mgeni neno la Kidhopadhola. Mama mkubwa aliinua kiganja, bila hata kunitazama.

"Wewe nanyamaza. Mimi naongea na yeye mwenyewe."

Akamsimulia upya, kwa Kiswahili cha sokoni, cha vitenzi vifupi, bila kuruka kitu. Ilichukua muda mrefu. Palipokosekana neno alionyesha kwa mikono, au alilitaja kwa Kidhopadhola akamwacha mgeni aulize. Naye aliuliza. Kila asipoelewa alisema, "Mama, hapo sijakupata," na mama mkubwa akarudia bila kuchoka. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nilikaa pembeni na sahani yangu nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi nyumba ilivyochomwa, aliyeiwasha alikuwa nani wa nani, na jinsi yule bibi alivyompelekea mtu huyo huyo mbegu mvua iliponyesha, akiwa bado hawezi kulala chali.

Tulipomwambia anaweza kuondoa jina lake, alikataa.

"Jina yangu naondoka kwa nini? Mimi hapana iba. Weka na jina ya bibi yangu."

Aliyemweleza leseni ni mkutubi. Alimweleza kila tendo peke yake, akitumia karanga kama mfano, akimwuliza kila mara, "Hili unalikubali, Mama?" Kusoma alikubali. Kunakili alikubali. Kutafsiri alifikiri, akakubali kama mtafsiri atakuja kwanza aonane naye. Kubadilisha alikataa. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na haikumshinda mtu yeyote.

Wakati wa kuondoka alimfungia mgeni karanga kwenye karatasi. Mimi hakunifungia. Nilidhani amesahau, nikajitia kucheka, nikasema, "Na mimi, Mama?"

Alinijibu kwa utulivu, kama anayemweleza mtu bei. "Huyu nakosa, hapana jua nyumba yangu. Wewe najua."

Kitabu kipya kilitoka baadaye, na majina mawili, lake na la bibi yake, na mwalimu wa sanaa alichora jalada jingine. Mkutubi alikileta mwenyewe kanisani Merikit, akasimama baada ya ibada, kwa ruhusa ya mchungaji, akaeleza mbele ya watu kilichotokea. Mimi nilikuwepo. Alieleza kwa ungwana, akisema "sisi" kila mahali ambapo angeweza kunionyesha mimi na kusema "yeye". Mama mkubwa alirudi kwenye kwaya. Baadhi ya majirani walirudi kuchukua mbegu na wengine hawajarudi mpaka leo.

Sijaacha kazi. Kwa muda nilifikiri kuacha, lakini vitabu vya watoto bado vinahitajika na leseni zile bado ni jambo jema, nalisema bila kusitasita. Nimeacha tu kuzisifia kwa namna ile. Mafunzo ya kwanza baada ya hayo yalikuwa Tororo, na mezani walikuwepo wakutubi walioandika maneno ya Kidhopadhola ya kitabu kile. Niliwaeleza yote. Niliposema kwamba sikuelewa sentensi ya kwanza, niliona wawili wakitazamana. Mmoja wao, mwanamume mtaratibu, alisema, "Madam, sisi tuliona tafsiri haifanani. Tukafikiri labda umeamua hivyo." Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Akajibu, "Wewe ndiwe uliyekuja kutufundisha."

Hivi karibuni nilikuwa napita Malaba. Malori yalikuwa yamepanga foleni isiyo na mwisho, nikashuka kununua parachichi kwa mama mmoja aliyetandika gunia kando ya barabara. Binti yake, wa darasa la pili au la tatu, alikuwa ameketi nyuma yake anasoma kwa sauti. Alikuwa anasoma Mchawi wa Chungu. Haikuwa nakala ya Busia, ilikuwa imechapwa mahali pengine, rangi zimefifia, ukurasa wa mwisho haupo. Alikuwa anasoma vizuri sana, anabadilisha sauti kwa kila mhusika, na alipofika kwa mchawi alikaza koo ikatoka sauti ya kukwaruza. Mama yake alikuwa anacheka mpaka machozi.

Niliwaza niondoke. Kisha nikaona kwamba nikiondoka nitakuwa nimetikisa kichwa tena. Nikamwambia yule mama, "Dada, hadithi hiyo haiko hivyo. Huyo bibi alikuwa mtu wa kweli. Hakuwa mchawi. Alikuwa analinda mbegu."

"Wewe unamjua?" akaniuliza, bado anatabasamu.

"Ni wa kwetu. Ni mama wa nyanya yangu."

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka. Alinitazama usoni, akashuka mpaka mikononi, ambako nilikuwa nimeshika parachichi zake mbili. Bila kugeuka alinyoosha mkono nyuma, akampapasa mtoto mpaka akampata, akamvuta karibu na goti lake. Mtoto alikuwa amekifunga kitabu na ananikodolea macho.

Nilitaka kuendelea kueleza. Nilikuwa na kitabu cha kweli mkobani, ningeweza kumpa. Nilikitoa, nikakiweka juu ya gunia, kando ya parachichi, nikasema ni cha mtoto, ni bure. Hakukigusa. Nililipa, nikasema asante, naye akapokea malipo kwa ncha za vidole. Nikarudi garini, nikafunga mlango. Tororo walikuwa wananingoja wakutubi.